Siafu wa Kijani

Shangazi yangu hakuja siku ile kupimwa macho. Alikuja kumsindikiza jirani yake, na jambo hilo alilitangaza tangu mlangoni ili pasiwe na mtu wa kulikosea.

"Miye nimemleta huyu," alisema. "Macho yangu hayana neno."

Jirani akamgeukia. "Muongo! Kanileta nani? Mie ndiye niliyemleta yeye."

Nilikuwa kwenye meza ya kwanza, ndani ya darasa la skuli ya Vitongoji, na daftari la majina mbele yangu. Kazi yangu ya kila siku ni kuandika habari za redio mjini Chake Chake, na nyumbani kwangu ni Wawi, si mbali. Watu wa kliniki ya macho walikuwa wameniomba niwasaidie kuandikisha wagonjwa na kufasiri, kwa kuwa walikuja na mgeni, mwanamke mtaalamu wa miwani kutoka Australia. Kiswahili chake kilikuwa "karibu" na "ahsante" tu, na hata hayo maneno mawili alikuwa akiyachanganya. Niliwauliza wazee wangu wawili, mara mbili, nani mgonjwa na nani msindikizaji. Kila mmoja alimnyooshea kidole mwenzake. Mwishowe nikawaandika wote wawili wasindikizaji, nikawaonyesha benchi la ukutani, nao wakakaa pale asubuhi nzima wakitazama wengine wakipimwa, kama waliokuja harusini.

Shangazi ni dada mkubwa wa marehemu baba yangu, na Vitongoji nzima inamjua kwa ukili wake. Miyaa, yaani majani ya mkindu, huanikwa, huchanwa, huchemshwa na rangi, kisha husukwa utepe mrefu unaoviringishwa kama mkanda. Utepe huo ndio ukili, na ukishonwa ubavu kwa ubavu ndipo mkeka unapopatikana. Wanawake wengi kwetu husuka. Wachache ukili wao hutambulika bila ya kuuliza, na shangazi ni mmoja wao. Nakshi yake inaitwa siafu: vipande vidogo vyeusi vinavyofuatana kwa mshazari juu ya nyekundu na nyeupe, safu mbili zinazopishana, moja inakwenda na moja inarudi. Alifundishwa na mama yake, ambaye naye alifundishwa na mama yake.

Watu walipopungua, yule mgeni alikuja kukaa benchini kunywa maji. Alikuwa amevaa miwani ambayo mikono yake, yale matawi mawili yanayopita juu ya masikio, ilikuwa imejaa madoa madogo ya rangi ya udongo, manjano na nyeupe. Shangazi aliitazama kwa pembeni kwa muda, halafu akanyoosha kiganja. Mgeni akaivua akampa. Shangazi hakuisogeza machoni. Alipitisha kidole gumba juu yake, taratibu, mara mbili, kama anavyopitisha juu ya ukili wa mtu.

"Nani kasuka hii?"

"Haikusukwa, shangazi. Imechorwa."

"Nimeuliza nani."

Nikafasiri. Mgeni akaeleza kwamba ni mchoro wa bibi mmoja wa wenyeji wa asili wa kule kwao, anayeishi jangwani, mwendo wa siku nzima kwa gari kutoka mji wa karibu. Mchoro unaonyesha njia za kufuata mtu anapotafuta maji, na ni wa ukoo wake, hawezi kuuchora mtu mwingine hivi hivi. Miwani yenye mchoro huo inauzwa mijini, na sehemu ya mauzo inawapeleka wapimaji wa macho kwenye vijiji vya mbali kama cha bibi huyo.

"Aliombwa, au walichukua tu?"

"Aliombwa. Mchoro wa kwanza waliouomba alikataa. Akawapa huu."

"Alikataa," shangazi alimwambia jirani kwa furaha, kana kwamba huyo bibi wa jangwani ni mtu wake. Kisha akauliza, "Na mwenyewe anaona?"

Mgeni akacheka. "Sasa anaona. Ana miwani yake. Mwanzoni alikuwa hataki kabisa kupimwa."

Nilifasiri yote, na mwishoni nilipandisha sauti kidogo. Shangazi akarudisha miwani kwa mwenyewe, akamwambia jirani kwamba jua limepanda na wali wake uko motoni.

Aliyeuliza kwa nini na sisi tusifanye hivyo alikuwa muuguzi mkuu wa kliniki, mtoto wa Chake Chake, mwanamke mfupi asiyekaa chini. Kliniki yao ilikuwa ikifika Vitongoji kwa nadra, na kwenye visiwa vidogo haifiki kabisa kama hakuna mafuta ya boti. Mgeni aliporudi kwao waliandikiana, na ikapatikana karakana huko kwao iliyo tayari kuweka nakshi ya ukili wa Pemba kwenye miwani ya kusomea na kuigharamia kliniki kutokana na mauzo. Kilichotakiwa ni nakshi, na ridhaa ya wenyewe.

Ridhaa ilijadiliwa barazani kwa shangazi, baada ya sala ya alasiri, na wanawake kumi na mmoja, kila mmoja na ukili wake mapajani. Mikono haikusimama hata pale sauti zilipopanda.

"Siafu si wenu peke yenu," alisema mmoja. "Hata kwetu walikuwepo."

"Kwenu walikuwepo wale wa jikoni, wanaofuata sukari," shangazi akamjibu.

Walicheka mpaka mwenye siafu wa jikoni naye akacheka. Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Watu wa karakana wataombwa waandike kwenye karatasi ya kila miwani kwamba nakshi ni siafu na imesukwa na wanawake wa Pemba. Sampuli atasuka shangazi mwenyewe, pima mbili. Muuguzi akauliza kama wangeweza pia kuchukua nakshi ya msala, ile ya mviringo, kwa kuwa mgeni aliipenda sana.

"Hiyo haitoki," shangazi alisema. "Hiyo ya kusujudia. Haivaliwi puani."

Nikamwona amekaa wima zaidi, na nikajua anamfikiria yule bibi wa jangwani.

Wakati huo huo shangazi alikuwa na kazi nyingine mkononi, na hiyo ndiyo iliyokuwa ikimnyima usingizi. Mjukuu wake aliyemlea alikuwa ameposwa na mwalimu wa Unguja, na harusi ilipangwa skuli zikifungwa mwisho wa mwaka. Katika nyumba yetu bibi harusi hutoka na mkeka uliosukwa na mkubwa wa nyumba. Mkeka huo huwa wa mkono mmoja tangu ukili wa kwanza hadi pindo la mwisho. Wengine wanaweza kuchana miyaa na kuichemsha, lakini kusuka na kushona ni kwa mmoja tu. Mkono wa pili ukiingia, hufumuliwa. Si kwamba kuna balaa linakuja. Ni kwamba kila msukaji ana mkazo wake, na mkeka wenye mikazo miwili hujikunja pembe, nao wakwe huuona.

Mwaka uliopita mabinti wa bibi mmoja wa mtaa wa pili walimpokonya mama yao mkeka wa namna hiyo, wakampa mtu mwingine amalizie, wakisema apumzike. Shangazi alikwenda kumjulia hali. Aliporudi alisema neno moja tu: "Wamemzika na anapumua."

Kwa hiyo nilipoanza kuona dalili, nilizitazama kimya. Nimezoea kutazama na kuandika daftarini, ndiyo kazi yangu. Niliona kwamba sindano ya kushonea mkeka hutungwa na mjukuu, tatu nne kwa pamoja asubuhi, zikachomekwa kwenye kifuu zikisubiri. Niliona shangazi ameacha kusukia ukumbini, anakaa mwisho wa baraza palipo na jua kali, ukili ameusogeza mbali mpaka mikono imenyooka. Vitu vya mbali alivitambua vizuri. Mtu akitokea kwenye mikarafuu alimtaja kabla yangu. Na siku moja niliona kwamba vicha vyake vya miyaa ya rangi vilikuwa na mafundo.

"Unatazama nini?"

"Haya mafundo, shangazi."

Aligeuka nyuma. Akahakikisha mjukuu yuko uani.

"Fundo moja nyekundu. Mawili nyeusi. Kisicho na fundo ni kijani, cha pindo." Alizungumza kama anayetaja bei. "Nyekundu ninaiona. Hivi viwili vingine vimekuwa kitu kimoja."

"Twende ukapimwe."

"Nikavae miwani, wakwe waseme mkwe wao kasukiwa na kipofu? Mkeka ukishatoka ntapimwa. Na hilo daftari lako lifunge."

Nililifunga. Nilimpa ahadi, na nilidhani ahadi hiyo ni heshima.

Siku chache baadaye wakwe walikuja kupanga siku ya harusi. Mjukuu alifagia nyumba kuanzia uani hadi barabarani, akapaka chokaa ukingo wa baraza, akafika kwenye kapu la bibi yake. Alivikuta vicha vina mafundo mafundo, mikia inaning'inia. Akaikata mikia pamoja na mafundo, vyote vikawa sawa, akavifunga upya kwa vitambaa vya leso, vikapendeza. Alifanya hivyo kwa mapenzi. Jioni shangazi alitia mkono kapuni, nikamwona anatafuta, anatafuta. Angeweza kuuliza. Kuuliza kungekuwa kusema. Alitoa kicha kimoja, akakipima kwa vidole, akakinusa, akakiweka mapajani kama mtu aliyeridhika, akaendelea kusuka.

Ijumaa iliyofuata muuguzi alikuja kuchukua sampuli, nami nilikuwepo. Shangazi aliufungua ukili barazani, pima mbili kamili, umekaza na umenyooka kama rula. Jua lilikuwa linaupiga. Siafu walikuwa wa kijani.

Hakikuwa kijani cha kung'aa. Kilikuwa cha kuiva, kama jani la mkarafuu, na mtu akipita haraka angedhani nyeusi. Lakini mtu aliyekua na nakshi ile hawezi kukosea. Nilimtazama mjukuu. Alikuwa akitabasamu. Baadaye aliniambia alidhani bibi kaamua kuleta mtindo.

Kwetu mtu hatoi kosa la ukili wa mwenzake mbele za watu. Ni adabu ya kwanza wanayofundishwa wasichana, kabla hata ya kujua kuanza utepe. Ukili ukifunguliwa unasema Mashaallah, na kama una neno unalileta faragha, baada ya siku, kwa mlango wa nyuma. Nikasema Mashaallah. Jirani aliuchukua, akausogeza karibu na uso, akaupeleka mbali, akaurudisha.

"Mashaallah," alisema. "Siafu wako watawang'ata huko waendako."

Muuguzi akapiga picha, akauviringisha ukili, akautia kwenye mfuko, na kesho yake ukateremka bandari ya Mkoani kupanda boti.

Mlango wa nyuma sikuupita. Nilikwenda mara mbili nikiwa na maneno tayari. Mara ya kwanza nilikuta wageni. Mara ya pili tulikuwa peke yetu, tukanywa kahawa, akanieleza kwa furaha kwamba mkeka umefika nusu na mkono wake haujapata kuwa mwepesi namna ile. Nikanywa kikombe cha pili, nikaondoka.

Miwani ilirudi siku kumi kabla ya harusi. Ilikuwa jozi chache za kuonyesha, za nguvu mbalimbali, kabla ya kutengenezwa nyingine. Kliniki ikaja Vitongoji, kwenye darasa lile lile, safari hii bila mgeni. Wanawake wa barazani walikuja wote, si kupimwa, kuona. Nilikuwa kwenye meza yangu, mjukuu kando yangu, na shangazi na jirani kwenye benchi lao.

Muuguzi alifungua boksi, akanyanyua jozi ya kwanza. Kwenye mikono yake, vidogo kama punje za ulezi, siafu walikuwa wakipishana. Pakapigwa vigelegele.

"Hii ya mwenyewe," muuguzi alisema. "Lakini siwezi kumpa miwani mtu nisiyeyajua macho yake. Kaa hapa, bibi."

"Nipe fremu tu. Vioo hivyo vitoe."

"Vikitoka vioo si miwani tena. Nitaiandikaje?"

Shangazi aliwatazama wanawake kumi wanaomtazama. Kukataa kungeonekana kuliko kukubali. Akakaa.

Muuguzi hakuleta herufi. Alimpa sindano ya kushonea mkeka na uzi wa mwaa, akamwambia atunge. Shangazi alijaribu mara moja, uzi ukapita kando. Akajaribu tena. Mjukuu wake alinyanyuka nusu, nikamshika kanga. Muuguzi akamvika jozi moja, akaivua, akamvika nyingine, akaivua. Akamvika ya tatu. Uzi ukaingia.

Shangazi hakufurahi kwanza. Alikuwa akitazama mikono yake, juu na chini.

"Hii mikono imezeeka lini?"

Kisha akataka kuwaona siafu wake, na hapo pakawa na kizaazaa, kwa sababu siafu walikuwa masikioni mwake, na akiivua miwani hawaoni. Muuguzi akampa jozi ya pili aishike mkononi. Aliigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Akaigeuza tena. Nilikuwa nimeinamia daftari langu.

"Kijani," alisema.

Akaipitishia kidole gumba.

"Siafu wa kijani." Akanitafuta kwa macho, na macho yale nyuma ya vioo yalikuwa makubwa. "Weye mtu wa habari. Umewahi kuona siafu wa kijani?"

"Sijawahi, shangazi."

"Ulijua."

"Nilijua."

"Ukasema Mashaallah."

"Nilisema."

Alinisamehe au aliniweka akiba, sikujua, kwa sababu aligeukia benchi. Pale alikuwa jirani, mtu waliyecheza naye, wakaolewa mwaka mmoja, wakazikana waume. "Wa kuniumiza weye. Huyu mtoto, kaogopa. Lakini weye! Uliushika ukili kwa mikono yako, ukauona kijani, ukaniacha niupeleke mpaka ng'ambo?"

Jirani alikuwa amefungua mdomo. "Kijani kipi?" aliuliza.

Shangazi alisimama, akaenda mpaka benchini, akaivua ile miwani puani mwake akamvika jirani, kisha akamtia mkononi ile jozi nyingine.

"Tazama."

Jirani alitazama. "Yallah," alisema polepole. "Kijani kweli."

Wa kwanza kucheka alikuwa shangazi mwenyewe. Alicheka mpaka akashika meza yangu, na darasa zima likafuata, na jirani naye, machozi yakimtiririka chini ya miwani isiyo yake. Wakati wote ule niliandika moyoni mwangu kwamba jirani kamsitiri mwenzake kwa adabu kama nilivyofanya mimi. Kumbe alisema Mashaallah kwa kitu asichokiona, kilichosukwa na mtu asiyekiona.

"Mwandike huyu," shangazi aliniambia, akifuta macho kwa buibui. "Na safari hii asiwe msindikizaji."

Nilimwandika. Baada yake waliandikwa wengine sita wa barazani, kila mmoja akisema anapimwa kwa kutaka kujua tu.

Muuguzi alimuuliza shangazi kama aandike barua kule karakana wabadilishe rangi. Bado ilikuwa mapema, alisema, nyeusi inaweza kurudi. Nilitegemea ajibu ndiyo papo hapo. Alikaa, akaitia miwani yake tena, akaitazama ile jozi nyingine kwa muda mrefu, kama anayesoma.

"Usukaji wake una kosa?" aliniuliza.

"Usukaji hauna kosa. Rangi tu."

"Basi waache. Hawa siafu wa macho mabovu. Pahala pao ni kwenye miwani." Akasimama, akajifunga buibui. "Lakini kwenye mkeka hapana. Twendeni."

Mkeka ulitandazwa uani, ndani ya jua la saa nane. Ulikuwa umeshonwa robo tatu. Shangazi alipiga magoti, akatembea juu yake kwa mikono na magoti kama mtoto, uso karibu na ukili, na kila alipogusa safu alisema neno moja: nyeusi, nyeusi, nyeusi. Kisha akafika katikati, sauti ikabadilika. Kijani. Kutoka pale hadi ukingoni, kijani mtupu, tangu ile siku vicha vilipofungwa vitambaa vya leso.

Mjukuu alianza kulia. "Bibi, mie ndiye niliyeyakata mafundo. Sikujua ya nini."

"Ungejuaje na sikukwambia? Nilikuwa nakuficha weye kuliko watu wote." Alimvuta akamkalisha juu ya nusu nyeusi ya mkeka. "Nyamaza. Bibi harusi hulia siku yake, si leo. Kalete wembe, tufumue."

Zilibaki siku kumi. Jirani, akiwa na miwani yake mpya kabisa, alijitolea kusuka nusu ya ukili uliotakiwa. Alikumbushwa sheria ambayo yeye mwenyewe alikuwa akiwafundisha wasichana. "Weye kapike," shangazi alimwambia. "Na usitie chumvi kwa kukisia, sasa unaona."

Siku zile kumi naziweka miongoni mwa nzuri nilizopata kuishi. Niliomba ruhusa kazini, nikahamia Vitongoji. Mjukuu na wenzake walichana miyaa, jirani alichemsha rangi kwenye sufuria kuukuu, nyeusi peke yake, na kila kicha kilichotoka kilipelekwa kwa shangazi akikague. Alikuwa amerudi ukumbini, kivulini, ukili mapajani badala ya mwisho wa mikono. Sindano alitunga mwenyewe, na kila alipotunga alimtazama aliye karibu kuhakikisha ameonekana. Wanawake walioleta mboga walikaa kidogo na kuzungumza, na hapo ndipo walipoanza kujuta, kwa sababu alikuwa akiomba kutazama walichoshika.

"Huu mwaa umeruka," alimwambia yule mwenye siafu wa jikoni.

"Haukuruka."

"Umeruka. Fumua mpaka hapa."

"Zamani ulikuwa ukisema Mashaallah!"

"Zamani nilikuwa sioni."

Alilisema hivyo tu, mbele ya watu sita, katikati ya kushona. Neno alilokuwa akilificha kwa mafundo na kwa jua la barazani lilitoka na kupita kama habari ya mvua, na hakuna aliyegeuza kichwa. Nilimtazama kuona kama ameyasikia maneno yake mwenyewe. Alikuwa akitafuta pahala pa sindano.

Pindo lilimalizika siku moja kabla ya harusi, asubuhi, chai ikiwa bado mezani. Lilikuwa la kijani, kama ilivyo desturi, na ndani yake siafu weusi kutoka ukingo hadi ukingo, wakienda na wakirudi. Mikazo haikupishana. Kama kulikuwa na tofauti kati ya nusu ya kwanza na ya pili, ni kwamba ya pili ilikuwa imekaza zaidi kidogo, na pembe zililala chini zote nne.

Siku ya harusi, wakwe walipokuja kuuchukua, shangazi aliwapokea na miwani usoni. Dada mkubwa wa bwana harusi, mwanamke wa mjini mwenye kusema taratibu, aliutazama mkeka, akamtazama yeye.

"Mashaallah, bibi. Kazi ya mkono wako mwenyewe? Na miwani?"

"Mkono wangu na miwani yangu," shangazi alijibu. "Inama utafute kosa."

Yule mwanamke alicheka, akasema hathubutu. Lakini jirani alithubutu. Alikuwa na deni la ile chumvi. Alipiga magoti na nguo zake za harusi, akajitengeneza miwani puani, yenye siafu wa kijani juu ya masikio yote mawili, akaanza pembe ya mashariki, kidole kikifuata safu moja baada ya nyingine, akitafuta kijani hata kimoja palipotakiwa cheusi. Alifika katikati. Akavuka. Wageni walishaanza kukaa kula, biriani lilishateremshwa, na mtu alikuwa akimwita kutoka uani.

"Subirini," alisema, bila kuinua uso. "Bado safu nane."

Shangazi alivuta kigoda akakaa karibu yake, mikono mapajani, akasubiri naye.